Mwanamume wa Saa Nne Asubuhi

Kwa watu wetu, sisi tuliotokana na Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Baba hujenga, binti hupewa, na mwanamume huingia siku ya harusi na sanduku lake, akipigiwa ngoma, kama mgeni anayetarajiwa kukaa muda mrefu. Mimi niliingia hivyo katika nyumba ya matofali na bati mtaa wa Ampisikina, Mahajanga, pwani ya Madagaska, na sanduku la bati la kijani lenye mashati manne, na sikuona ubaya wowote. Nyumba ilikuwa na kivuli. Ilikuwa na kiti karibu na dirisha. Mtu kama mimi hahitaji zaidi.

Shida ilikuwa saa. Mume ana nyumba usiku, na ana nyumba wakati wa kula. Lakini watu wakishakunywa chai ya asubuhi, mpaka adhana ya adhuhuri, nyumba ni ya wanawake. Jirani huja na jirani, mikeka hutandikwa, shali huvuliwa, liwa hupakwa usoni, miguu hunyooshwa. Wakati huo mwanamume mzima yuko kazini, au yuko msikitini, au yuko barazani anabishana juu ya mchele. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, kama vile hakuna aliyeandika kwamba usiende sokoni umejifunga shuka la kitandani. Watu wanajua tu.

Na mimi Mungu aliniumba wa ndani. Wenzangu walipokuwa wadogo wakikimbilia ufukweni, mimi nilikuwa chini ya meza ya mama nikihesabu misumari. Kwa mwanamke tabia hiyo ni sifa. Kwa mwanamume wa kwetu ni kilema kidogo, kama kengeza. Hawakucheki mbele yako, lakini wakikutaja hukitaja.

Niseme jambo la lugha mapema, nisije nikaonekana mwongo. Nyumbani tulizungumza Kingazija, mtaani Kimalagasi, kazini Kifaransa. Kiswahili hiki nilikitoa katika vitabu vya marehemu baba na katika redio, na sijawahi kupata mtu wa kubishana naye kwa Kiswahili, ndiyo maana labda kinanuka kabati. Maneno ya watu humu ndani nimeyahamisha mimi. Wao walikuwa wachekeshaji kuliko hivi.

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani. Mwajiri wangu alikuwa mpimaji ardhi wa binafsi. Yeye alikwenda juani na minyororo yake ya kupimia, mimi nilikaa kivulini na kalamu. Nilimaliza sekondari bila kushindwa na bila kung'ara, mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kwa kijana mwenye mwandiko mzuri anayeogopa jua hapakuwa na kazi bora. Kwa miaka kumi na moja nilichora mipaka ya viwanja vya watu na kuandika majina yao ndani yake kwa herufi ndogo zilizosimama wima.

Anayechora kwa wino juu ya karatasi laini ya kunakilia hafuti kwa raba. Anakwangua kwa wembe. Unaulaza wembe kidogo, unapumua taratibu, unaondoa wino bila kutoboa karatasi, kisha unapasugua kwa ukucha mpaka palainike, ndipo unaandika jina jipya. Nilikuwa hodari wa kukwangua. Mwajiri wangu aliwaambia wageni kwamba ukishika karatasi yangu mbele ya taa, hutaona palipoguswa.

Kisha zikaja zile siku mbaya. Wa mji wetu hawahitaji kuelezwa, na wa mbali watosheke kujua kwamba wengi wa asili yetu waliuawa, na waliobaki wengi walipandishwa meli na ndege wakapelekwa visiwani Komoro, ambako wengine walikuwa hawajawahi kufika hata kwa ndoto. Mimi na mke wangu hatukuwepo. Tulikuwa Ambanoro, kisiwa cha Nosy Be huko kaskazini, kwa mama yangu, katika arobaini ya baba. Tuliporudi tulikuta kufuli letu mlangoni kama tulivyoliacha, na ndani chungu cha maharage tuliyoyasahau kimeota ukungu. Mtaa ulikuwa kimya. Hata hilo lilinikuta nimekaa ndani ya nyumba nyingine. Watu huniuliza nilihisi nini. Niliosha kile chungu.

Kabla ya siku hizo, mkeka wa mke wangu ulikuwa unakaliwa na wanawake tisa. Baadaye walibaki watatu: bibi mjane wa nyumba ya kona, aliyekuwa na sauti ya kuuza samaki ingawa hakuuza chochote, na dada wawili wa mtaa wa nyuma. Sisi Mungu hakutupa watoto. Kwa hiyo wale watatu ndio waliokuwa jamaa wa mke wangu, asubuhi yake, habari zake, kicheko chake. Nilijua hivyo. Nataka ieleweke kwamba nilijua.

Mwaka wa pili au wa tatu baada ya zile siku, viwanja vya mtaa wetu vikaanza kubadilisha wenyewe. Waliokwenda walituma karatasi za kuuza kupitia ndugu waliobaki. Mpimaji akaniwekea mezani karatasi ya Ampisikina na orodha. Nikachukua wembe. Nilimkwangua fundi cherehani aliyenishonea shati la harusi. Nilimkwangua mwalimu wa chuo cha Kurani. Nilimkwangua mama mmoja aliyekuwa akitengeneza achari ya maembe, wa jina refu, na nikakumbuka nilivyobana herufi zake miaka ile ili zitoshe. Kwa siku mbili nilimaliza.

Mwajiri akaishika karatasi mbele ya dirisha. "Kama hapakuwahi kuandikwa kitu," akasema. Alinisifu kwa moyo safi. Alikuwa mtu mwema.

Mimi sikuhisi chochote. Nilikunywa chai. Ila kesho yake, badala ya kuanza karatasi nyingine, niliandika barua ya kuacha kazi, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri.

"Unaumwa?" mwajiri akaniuliza.

"Hapana, tompoko," nikamjibu, kwa neno la heshima la Kimalagasi.

"Kuna aliyekuita kazini kwake?"

"Hakuna."

"Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kupaka rangi."

"Nyumba?"

"Picha."

Akavua miwani. "Picha za nini?"

"Za ndani," nikasema. "Meza. Birika. Mkeka."

Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba kwa miaka kumi na moja amemwamini mgonjwa kushika wembe. Lakini sikuwa nimezua siku ile. Mwalimu mmoja Mfaransa, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia sanduku la rangi za mafuta na brashi, na kila Jumapili nilikuwa napaka nyuma ya ramani zilizoharibika. Jumapili mke wangu huenda kwa shangazi yake. Sikuwa nimemzuia mtu.

Siku hiyo nilirudi saa sita kamili, mke wangu akapakua samaki.

"Nimeacha kazi," nikamwambia.

"Utakula na achari?"

"Nasema nimeacha kazi."

"Nimesikia. Achari?"

Nikasema ndiyo. Akaniwekea. Kula hakukuwa shida kubwa kwetu, yeye alikuwa na cherehani na chumba cha uani tulikipangisha. Wala hakuuliza tutakula nini. Alikaa, akatafuna, ndipo akauliza swali lake.

"Sasa kesho asubuhi utakuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani. Chumba cha kulala, mlango nimefunga. Hamtanisikia."

Akaweka kijiko chini. "Saa ngapi?"

"Asubuhi nzima."

Akaanza kukusanya sahani. Mke wangu si mtu wa kelele, na ingekuwa nafuu kama angekuwa.

Asubuhi ya kwanza wale watatu walikuja. Niliwasikia wanavua viatu, wanakaa, wanaanza, na mimi nikashika pumzi. Nilipaka rangi kama mwizi. Ilipofika saa nne nikakohoa. Kikohozi kidogo tu cha tapentaini. Upande wa pili wa mlango mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Bweni," nikamsikia bibi wa kona akimwita mke wangu, kwa neno letu la kumwita mwanamke mwenzio, "kuna mtu ndani?"

"Ni yeye," mke wangu akajibu.

"Anaumwa?"

"Anafanya kazi."

"Kazi gani ya chumba cha kulala?"

Wale dada wawili wakacheka hadi wakashindwa kuvuta pumzi, kisha nikasikia shali zinavutwa, miguu inakunjwa. Bibi wa kona akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Shemeji! Samahani tumekukuta kwako!"

"Karibuni," nikasema nikiwa ndani. Ndilo neno baya kuliko yote niliyoweza kuyachagua, mwanamume kuwakaribisha katika nyumba ambayo si yake, kwenye saa ambayo si yake. Baada ya dakika kumi walikuwa wameaga.

Asubuhi ya pili alikuja mmoja, akasimama mlangoni. Wiki ya pili hakuja mtu. Mke wangu aliendelea kutandika mkeka, kwa mazoea, kisha akakaa juu yake peke yake na kushona vifungo. Hakunilaumu. Siku moja alisema tu kwamba vitumbua vilikuwa na ladha ya tapentaini, nikaonja, na ilikuwa kweli.

Niliweza kutoka. Hilo ndilo linalostahili kuandikwa. Hakuna aliyenifunga, ningeweza kwenda barazani kama wanaume wengine na kurudi adhuhuri. Sikwenda. Nilikaa ndani, napaka picha ya birika, huku nikisikia mkasi wake upande wa pili ukikata uzi. Nilijua ninamnyima nini, na kujua huko kulikaa ndani yangu kama jiwe ndani ya gunia la mchele, halinichomi popote. Miezi mitano.

Ni yeye aliyetafuta njia. "Kule Nosy Be kuna hoteli," akasema. "Wageni wananunua picha. Nenda kwa mama yako Ambanoro, ukae kidogo, uzioneshe."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Wewe nenda kwanza."

Basi nikafunga mizigo, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kabila lingine asingeweza kulifanya hata akijitahidi. Picha zangu nilikuwa nimepaka kwenye vitambaa vya magunia ya unga, vimenyooshwa juu ya mbao nyembamba, na kitu pekee nyumbani kilichotoshea upana wake kilikuwa lile sanduku la kijani. Nikalijaza. Nikalibeba kichwani, nikatoka mlango wa mbele, saa nne asubuhi, jua linawaka, mtaa mzima uko madirishani.

Kwa watu wetu sanduku la mume huingia mara moja na hutoka mara moja. Akisafiri hubeba mkoba. Akifa, ndugu zake hulifuata baada ya arobaini. Mume akionekana mchana amelibeba mwenyewe kurudi upande wa mama yake, hakuna mtu anayeuliza, ndoa imekwisha. Nilimpita bibi wa kona. Aliweka mkono kifuani. Nikadhani ananitakia safari njema, nikamwinamia kichwa, kwa kadiri sanduku lilivyoruhusu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia. Mpaka leo sijui kama alilitambua sanduku au alikuwa akifikiria mengine. Sijamuuliza.

Boti ilichukua siku mbili na nilitapika zote mbili. Nikafika Ambanoro nimekuwa kijani kama mzigo wangu. Mama alikuwa uani anaanika langilangi, yale maua ya kutolea manukato. Akanitazama, akalitazama sanduku.

"Umekuja na sanduku," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lile lile."

"Lile lile. Ndilo lililotosha..."

Akalia kidogo, kwa ufupi, kama mtu anayelipa nauli. Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso, akamkamata kuku.

"Usiseme kitu. Utakula kwanza."

"Mama, sijaachana na mtu."

"Wote husema hivyo wiki ya kwanza."

Jioni wazee wa kike wa ukoo wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Nikiwaeleza, walitikisa vichwa kwa huruma. Nikisema nimekuja kuuza picha, huruma ikazidi. Mwanamume aliyeachwa akasema amekuja kuuza picha za birika, nani asingemhurumia? Siku ya nne nikaacha kueleza. Nikapokea pole zote, na sahani zote.

Mwezi wa pili mama akaniambia kwamba Hell-Ville mjini kuna mjane, mwanamke mtulivu, ana nyumba ya vyumba vitatu. "Na hapendi wageni," akaongeza. "Hakuna anayekwenda kwake."

"Huyo ndiye aliyeumbwa kwa ajili yangu," nikasema, nikijifanya mcheshi.

Kesho yake sahani ya halua ilikuwa imeshapelekwa Hell-Ville kwa jina langu, kama posa. Ilinichukua wiki tatu na aibu nyingi kuirudisha nyuma, na mjane yule, Mungu amjalie, aliniletea salamu kwamba halua ilikuwa imepungua sukari.

Hoteli niliyokwenda ilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Meneja alizitandaza picha zangu juu ya kaunta, moja baada ya nyingine. Meza. Birika. Pembe ya mkeka na kikombe. Sikuwahi kutia mtu ndani yake. Mke wangu hakupenda sura za watu katika nyumba inayosaliwa, na mimi kusema kweli sikuwa na hamu ya sura za watu.

"Bahari iko wapi?" akauliza meneja.

"Iko nje, bwana."

Alichukua mbili, akazitundika kwenye korido inayoelekea chooni. Baadaye akachukua nyingine tatu, kwa sababu, aliniambia, wageni wakitoka kule walikuwa wanasimama mbele yake na kunyamaza. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata, na sitaki kujua sababu yake.

Nilipaka rangi kila siku kwa mama. Nilikuwa na chumba, kivuli, na mlango. Mama alikwenda kwa majirani asubuhi na hakuna aliyekuja kwake, kwa hiyo sikumwondoa mtu. Ndicho hasa nilichokitaka maishani, nami nilikikalia kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

Kisha akapita binamu wa mama akitokea Mahajanga. Akanikuta natengeneza brashi.

"Mkeo, samahani, aliyekuwa mkeo, anaendelea vizuri sana," akasema.

"Bado ni mke wangu."

"Sawa sawa," akanijibu, kama mtu anavyomjibu mwenye homa. "Nyumba imejaa! Mke wangu anakwenda huko kila asubuhi. Wanakuja kumliwaza. Wanatoka Mahabibo, wanatoka Manga, hata wale ambao hawakukanyaga Ampisikina tangu zile siku. Juzi walihesabu kumi na sita, wakakosa pa kukaa, mikeka ikafika uani."

"Na yeye anasemaje?"

"Analia nao. Halafu wanapika, halafu wanacheka mpaka barabarani. Wewe usihuzunike. Amepata watu."

Nikamwandikia mke wangu barua. Nikamweleza wanachosema watu hapa, nikamuuliza wanasema nini huko, na kama ningeweza kurudi. Jibu lake lilifika baada ya mwezi, karatasi moja, upande mmoja.

Aliandika kwamba ni kweli, ndivyo wanavyosema. Wakimuuliza kama nimeondoka anajibu ndiyo, kwa sababu nimeondoka. Wakilia analia nao. Aliona kwamba wengi wao hawamlilii yeye, wala mimi, wana ya kwao ambayo hawakupata pa kuyalilia. Mwisho aliandika: nakuomba usije kabla ya Ramadhani.

Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya kikombe cha brashi. Niliona wazi kwamba mke wangu alikuwa amechagua, na kwamba mimi ningechagua vivyo hivyo. Nikarudi kwenye picha niliyokuwa naipaka. Ilikuwa ya kiti.

Ramadhani ikaja, ikapita, na baada ya Idi nikapanda boti. Nikafika Ampisikina kwenye saa ile ile yangu ya bahati mbaya, saa nne. Mlango ulikuwa wazi nusu. Viatu vya kike vilifurika kizingitini na kushuka ngazi mbili hadi mchangani, vimepandana, na ndani palikuwa na kelele ambayo sikuwa nimeisikia katika nyumba ile tangu tulipokuwa maharusi. Nikaitambua sauti ya mke wangu. Alikuwa anasimulia kitu, akaigiza sauti ya mtu fulani, pengine mimi, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Hatua tatu ningekuwa ndani. Ingenyamaza yote.

Nikageuka. Nikaenda kukaa kibarazani pa msikiti na sanduku langu pembeni, mpaka adhana, mpaka baada ya sala, mpaka nilipowaona wa mwisho wanapita na vyungu vyao. Ndipo nikaenda kupiga hodi.

Mke wangu akafungua. Uso wake bado ulikuwa na liwa pembeni ya sikio.

"Boti imefika saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi."

"Na ulikuwa wapi?"

"Nje."

Mtu anayenijua anaelewa uzito wa neno hilo kinywani mwangu. Akachukua upande mmoja wa sanduku, mimi mwingine, tukaliingiza.

Jioni bibi wa kona alikuwa mlangoni. "Mmerudiana?"

"Tumerudiana," mke wangu akasema. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Hivyo ndivyo nilivyoachwa na kuolewa tena na mwanamke yule yule, bila kuulizwa mara zote mbili, na wazee wakadai wapikiwe pilau na wakapikiwa.

Ilibaki swali lake la kwanza: kesho asubuhi nitakuwa wapi? Chumba cha kupanga mjini hakikufaa. Mwanamume mwenye mke akipanga chumba mjini na kuingia humo kila siku mchana, mtaa utajua jambo moja tu, na jambo hilo lina jina la mke wa pili. Ndugu mmoja wa mke wangu alikuwa na banda Katsepy, ng'ambo ya ghuba, alilokuwa akiwekea chumvi ya samaki. Katsepy hakuna anayekwenda kwa raha. Hakuna atakayenishuku.

Kwa hiyo mimi niliyeacha kazi ya kivulini ili nikae nyumbani, nikawa mtu wa kutoka kabla ya jua kupanda, na mkoba, kuwahi feri, kuvuka ghuba iliyojaa matope mekundu ya mto, nikitapika kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo na mara moja moja kwa miaka iliyofuata. Manahodha walibadilika, mimi nilibaki. Walinidhania karani wa jambo fulani. Mchana nilirudi kwa feri, nikakuta nyumba imefagiliwa na ina joto la watu.

Na katika banda lile linalonuka papa nilipaka nyumba yangu. Kichwani. Mwanga wa saa nne unavyoingia chini ya pazia na kufika mguu wa meza, mwanga ambao wanaume wa kwetu hawaujui. Mkeka ukiwa umetandikwa, vikombe vikiwa vimeachwa. Picha hizo zilikwenda Nosy Be, nyingine zilikwenda mbali zaidi. Tuliishi kwazo. Mke wangu aliziangalia zikiwa mbichi, akasahihisha. "Hicho kikombe kilivunjika." "Kabati lilihama, siku hizi liko upande wa mlango." Mimi niliendelea kuliweka pale nilipolijua.

Miaka hupunguza watu bila kelele yoyote. Bibi wa kona alifariki. Wale dada wawili walifuata watoto wao ng'ambo. Wa Mahabibo walishikwa na maumivu ya magoti, wa Manga walipata televisheni. Mke wangu hakunieleza. Niliona tu kwamba vikombe vya kuoshwa vinapungua. Asubuhi moja, nikiwa nafunga mkoba, akasema, "Leo usivuke."

"Kuna nini?"

"Hakuna mtu anayekuja. Tangu wiki iliyopita. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa miaka kama kumi na mbili, na lilipofika sikujua pa kuliweka. Nikafungua rangi karibu na dirisha. Yeye akakaa kwenye mkeka, akanitazama, nami nikashindwa kupaka chochote, kwa sababu kabati lilikuwa upande wa mlango. Tulikaa hivyo hadi adhana. Tulikuwa kama watu wawili waliokaa kwenye ofisi iliyofungwa.

Kesho yake akanikuta nafunga mkoba tena. Hakunizuia. Akaingia chumbani, akatoka amevaa shali yake ya kutokea, mkeka umeviringwa chini ya kwapa.

"Twende," akasema.

"Utatapika."

"Wewe si ulitapika?"

Alitapika. Alitapika vizuri kuliko mimi, kwa heshima, amenigeuzia mgongo, na aliposhuka Katsepy aliketi juu ya jiwe kwa robo saa bila kunisemesha. Kisha akaingia bandani. Akaangalia kuta, magunia, mbao zangu, ile stuli moja.

"Hapa ndipo ulipokuwa?"

"Hapa."

"Pananuka."

"Ndiyo."

Akatandika mkeka kwenye pembe iliyokuwa kavu, akawasha jiko langu la mkaa, akabandika chai. Mimi nikageuza turubai na kuanza. Kwa muda kama wa saa moja tulikuwa vile, yeye na vifungo vyake, mimi na rangi zangu, na sitasema nilikuwa na furaha kwa sababu sikumbuki dalili zake. Nilikuwa nafanya kazi na mkono ulikwenda.

Kivuli kikapita mlangoni. Mwanamke wa kule, muuza kaa, aliyenijua kwa miaka yote na hakuwahi kunisalimu kwa zaidi ya kope. Akamsalimia mke wangu kwa Kimalagasi, akauliza anatoka wapi, akaambiwa aingie. Akavua kandambili. Hazikupita dakika nyingi akaja wa pili na mtoto mgongoni, akisema amesikia kuna mgeni. Wakakaa wamejibana pembeni mwa mkeka, mikono juu ya magoti, wakinitazama mimi kwa jicho la pembeni na kunyamaza.

Saa yangu ilisema saa nne na dakika chache. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye chai.

Nikachukua stuli na turubai, nikatoka nje, nikaurudisha mlango nyuma yangu. Jua lilikuwa kali na sikuwa nimebeba kofia. Nilisimama pale natafuta upande wenye kivuli, na ndani tayari walikuwa wameanza kuongea.